Picha za Porini Zikitoka Ukungu, Mchawi Ni Nani?

Mtu akirudi kutoka Serengeti au Tarangire na rundo la picha za simba asiyeonekana vizuri, lawama ya kwanza huiangukia lenzi. "Lenzi yenyewe ya kukodi, mbovu." Mara nyingi lenzi inasingiziwa. Lenzi ndefu, kuanzia milimita 300 kwenda juu, humvuta mnyama karibu, lakini huvuta pia kila kasoro iliyopo kati yako na yeye: mkono unaotikisika, injini inayonguruma, joto la ardhi, unyasi mmoja uliokaa vibaya. Bahati nzuri kila kasoro huacha alama yake kwenye picha, na alama hizo zinasomeka.

Kusoma kwenyewe kunahitaji dakika moja tu, na kufanyike hukohuko porini wakati mnyama bado yupo, maana ukigundua tatizo hotelini usiku limeshakula siku nzima. Fungua picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera na uikuze mpaka mwisho. Usiitazame ikiwa ndogo, kwani kwenye kioo cha inchi tatu kila picha ni nzuri. Angalia sehemu tatu: jicho la mnyama, nyasi zilizo mbele ya miguu yake, na kichaka kilicho nyuma yake. Ukishaona kipi kikali na kipi kimefifia, tafuta dalili yako hapa chini.

Kila kitu kimeburutwa upande mmoja

Jicho, nyasi za mbele na kichaka cha nyuma vyote vina kimkia kinachoelekea upande uleule. Hapo kamera ilitikisika, na kilichobaki ni kujua nani aliyeitikisa.

Anza na spidi ya shata, yaani muda ambao kamera hubaki wazi kupokea mwanga. Kanuni ya zamani bado inafanya kazi: ukipiga kwa milimita 400 usishuke chini ya 1/400 ya sekunde, na kwa milimita 600 usishuke chini ya 1/600. Kama kamera yako ni ya kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), zile za APS-C, zidisha kwanza urefu wa lenzi kwa 1.5 (kwa Canon ni 1.6), kwa hiyo milimita 400 itadai kama 1/640. Hiyo ni kwa mtu aliyesimama ametulia. Ndani ya gari lenye abiria sita, mimi hupandisha mpaka 1/1000 hata kwa simba aliyelala usingizi.

Spidi ikiwa ya kutosha na picha bado inaburutwa, lisikilize gari. Dizeli ya Land Cruiser hata ikiwa sailensa, gari limesimama, bodi yote hutetemeka, na ukiegemeza lenzi kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa, mtetemo huo unaingia moja kwa moja kwenye picha. Stebilaiza ya lenzi, ule mfumo wa kutuliza taswira, imetengenezwa kwa ajili ya mkono wa binadamu, ambao hutikisika taratibu zaidi kuliko injini, kwa hiyo usiitegemee hapo. Mwombe dereva azime. Madereva waliozoea wapiga picha huzima bila kuambiwa, na hata namna ya kulisimamisha gari wanaijua: ubavu uelekee kwa mnyama na jua liwe mgongoni kwako.

Injini ikizimika wanabaki watu. Mmoja anahama kiti, mwingine anashuka kutoka kwenye benchi, wa tatu anafungua boksi la chakula, na gari lote linayumba kwenye springi zake. Kubalianeni mapema kwamba mtu akisema "napiga", wengine wanatulia kidogo.

Kisha tafuta pa kuegemea. Stendi ya miguu mitatu haina nafasi ndani ya gari la safari. Kinachofaa ni kifuko cha nguo ngumu kilichojazwa maharage makavu au mchele, kilo mbili hivi, unakitandaza juu ya ukingo wa paa au dirisha na kulaza lenzi juu yake. Kifuko hunyonya mtetemo na kushika umbo la lenzi. Kisafirishe kitupu, ukijaze njiani. Anayepita Mto wa Mbu ana mchele wa palepale, na safari ikiisha unapikwa.

Jambo dogo la mwisho kuhusu stebilaiza: haitulii papo hapo. Bonyeza kitufe nusu, subiri mpaka uone taswira imetulia kwenye kitundu cha kuangalizia, ndipo umalizie. Anayekandamiza kitufe mara moja kwa pupa hupata picha ya kwanza mbaya na zinazofuata nzuri. Ukiona mpangilio huo kwenye picha zako, umeshampata mchawi.

Kichaka kikali, mnyama ana ukungu miguuni na masikioni

Hapa kamera ilitulia, mnyama ndiye aliyehama. Stebilaiza haiwezi kumshika mnyama. Duma akikaza mbio hukaribia kilomita 100 kwa saa, yaani kama mita 28 kila sekunde. Kwa 1/500 ya sekunde anakuwa ameshasogea zaidi ya sentimita 5 shata ikiwa wazi. Kwa 1/2000 ni kama sentimita moja na nusu. Ndiyo maana kwa mbio na mapigano tunaanzia 1/2000, na kwa ndege anayepiga mbawa, furukombe anapochota samaki kwa mfano, 1/2500 au zaidi.

Wengi hunaswa na mnyama anayeonekana kutulia. Tembo anayekula anapepea masikio, twiga anacheua, nyani anakuna. Kwa 1/250 mwili unatoka mkali na sikio linafifia. Kama hujui mnyama atafanya nini baadaye, weka 1/1000 na ukae nayo.

Nyasi kali, simba ukungu

Tatizo hili ndilo linaloharibu picha nyingi kuliko yote kwenye mbuga zetu, kwa sababu wanyama wetu wanaishi ndani ya nyasi. Kamera ikiachiwa eneo pana la fokasi, yaani la kutafutia ukali, hushika kilicho karibu na chenye mistari inayoonekana wazi, na unyasi mkavu unaometa mbele ya uso wa simba ndio huo. Punguza eneo la fokasi mpaka liwe nukta moja ndogo, uiweke juu ya jicho. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zina uwezo wa kulitambua jicho la mnyama zenyewe, na zinafanya kazi nzuri sana akiwa mahali pa wazi. Akijilaza kwenye nyasi ndefu huchanganyikiwa, ukaona kile kiboksi kinaruka kutoka jicho hadi jani. Kikianza kuruka, kizime na urudi kwenye nukta moja.

Kama mnyama anatembea, hakikisha fokasi iko kwenye ile hali ya kufuatilia mfululizo. Canon huiita Servo, wengine AF-C. Ukibaki kwenye hali ya kushika mara moja, kamera inafunga umbali, mnyama anapiga hatua mbili kuja kwako, na ukali unabaki pale alipokuwa. Dalili yake ni nyasi za nyuma ya mnyama kuwa kali kuliko yeye.

Wakati mwingine lenzi yenyewe inahangaika: inakwenda mbele, inarudi nyuma, inavuma, haishiki chochote. Kuna sababu nne za kukagua, na mimi huzifuata kwa mpangilio huu.

Kwanza, umbali. Kila lenzi ina umbali wa chini ambao haiwezi kufokasi, na kwa lenzi nyingi ndefu ni kati ya mita moja na nne na nusu. Mdiria akitua kwenye tawi linalogusa gari, hakuna ufundi utakaosaidia zaidi ya kurudisha gari nyuma.

Pili, ile swichi ndogo ubavuni mwa lenzi inayobana masafa ya fokasi. Ikiachwa kwenye umbali mrefu tu, lenzi hukataa kila kilicho karibu. Ikiachwa kwenye masafa yote, inapoteza muda kupita mwanzo hadi mwisho. Lenzi ya kukodi hufika ikiwa na swichi alivyoziacha mtu wa kabla yako, pamoja na ile ya AF na MF (fokasi ya kamera yenyewe au ya mkono), kwa hiyo kagua zote siku unayoipokea.

Tatu, mnyama hana pa kushikwa. Nyati mweusi chini ya kivuli cha mgunga ni ukuta mweusi kwa kamera. Peleka nukta kwenye ukingo wa pembe unapokutana na uso, au kwenye mmeto wa jicho. Ikigoma, zungusha pete ya fokasi kwa mkono mpaka nyati aanze kuonekana, kisha bonyeza kitufe nusu. Lenzi itamalizia safari fupi iliyobaki badala ya kuanza upya.

Nne, telekonveta, kile kipande kinachofungwa kati ya lenzi na kamera ili kuirefusha lenzi. Ile ya 1.4 hula nusu ya mwanga na kugeuza f/5.6 kuwa f/8 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Ile ya 2 hula robo tatu na kukufikisha f/11. Kamera nyingi za kioo cha ndani (DSLR) hazifokasi vizuri, au kabisa, kupita f/8. Ukiona tatizo limeanza baada ya kuifunga, ivue ujaribu tena. Kusema kweli, telekonveta ya 2 juu ya lenzi ya kuvuta ya kawaida ni mzigo zaidi kuliko msaada.

Halafu kuna kesi ya simba wawili, mmoja mkali na mwingine ukungu. Hakuna kilichoharibika. Kwa milimita 400, f/5.6, mnyama akiwa mita 10, kina cha ukali, yaani eneo linalotoka kali kuanzia mbele hadi nyuma, kwenye kihisi kikubwa ni kama sentimita 20 tu. Pua na manyoya ya shingoni vya dume mmoja haviingii humo pamoja, sembuse ndugu yake aliyelala nyuma. Ukifunga tundu mpaka f/11 unapata kama sentimita 40. Kinachosaidia zaidi ni umbali: mnyama akiwa mita 50, kwa f/5.6 ileile, kina kinakuwa kama mita 5. Kwa hiyo kama unataka familia nzima iwe kali, mwambie dereva asisogee sana, au usubiri mpaka vichwa viwe kwenye mstari mmoja.

Hakuna kikali popote, na mistari inayumba

Miguu ya nyumbu inaonekana kama imeyeyuka, ukingo wa pembe una mawimbi, na kila ulichofanya ni sahihi. Haya ni mazigazi. Ardhi imepata joto, hewa iliyo juu yake inapanda kwa mafungu yenye joto tofauti, na kila fungu linapinda mwanga kivyake. Ni kama kusoma maandishi chini ya maji yanayotikiswa. Kadiri lenzi inavyokuwa ndefu na mnyama kuwa mbali, ndivyo unavyopiga picha ya hewa nyingi zaidi.

Namna ya kuthibitisha: mtafute mnyama aliyetulia, weka 1/2000, piga picha kumi mfululizo bila kubadilisha chochote. Kama ya tatu ni kali kidogo, ya nne imeyeyuka na ya saba ina ukali upande mmoja tu, tatizo ni hewa. Mtikisiko na fokasi mbovu haviwi na tabia hiyo.

Mahali pabaya kuliko pote ni ardhi tupu iliyokauka: bonde la ziwa kavu la Amboseli, kingo za Ziwa Ndutu wakati wa ukame, au juu ya barabara ya murram. Juu ya majani mabichi na maji hali huwa nafuu. Saa nayo ina kauli. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima na haraka. Mageti mengi yanafunguliwa saa 12 asubuhi, na kufikia saa 3 nchi kavu tayari inacheza. Picha za mbali zipigwe kabla ya hapo, au jioni kuanzia saa 10 na kuendelea. Mchana piga walio karibu, au ndege waliotua juu mtini, kwa sababu hewa iliyo karibu na udongo ndiyo mbaya zaidi. Wingu likifunika jua kwa dakika chache, tumia dakika hizo.

Gari nalo hutengeneza mazigazi yake. Ukipiga kupitia juu ya boneti la injini iliyotoka kukimbia, unapiga kupitia hewa ya moto. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, asubuhi yenye baridi kali, abiria wanawasha hita, kisha mtu anafungua dirisha na kutoa lenzi. Hewa ya joto inakimbilia nje pembeni mwa lenzi na picha inafifia bila sababu inayoonekana. Zimeni hita, fungueni madirisha, vaeni makoti.

Hakuna stebilaiza, programu wala lenzi ya mamilioni inayotibu hewa, na ukigundua ndiyo tatizo, kusogea ni bora kuliko kuvuta zaidi. Ila kusogea kuna mipaka: ndani ya Hifadhi ya Taifa Serengeti ni marufuku kuacha barabara kufuata mnyama, na duma aliyezungukwa na magari hukosa windo lake. Usimshawishi dereva avunje sheria kwa ajili ya picha. Faini ni yake, na leseni ni yake.

Picha imepauka, haina nguvu

Kagua kioo. Kupiga kupitia dirisha lililofungwa hupausha rangi na kuongeza kivuli cha pili kwenye kingo. Vua pia kichujio cha bei rahisi kilichofungwa mbele ya lenzi "kwa ajili ya usalama", kisha ulinganishe. Kwenye lenzi ndefu tofauti inaweza kukushtua. Fika na ile kofia ya plastiki ya mbele inayokinga jua (si kifuniko), uivalishe lenzi muda wote, hasa jua likiwa ubavuni.

Nyati kijivu, yangeyange kijivu

Kamera haijui rangi ya mnyama. Inapima mwanga na kutaka kila fremu iwe ya wastani, kwa hiyo nyati aliyejaza fremu inamng'arisha mpaka awe kijivu, na yangeyange aliyejaza fremu inamtia giza mpaka awe kijivu vilevile. Tumia kitufe chenye alama za + na −: kwa nyati shusha theluthi mbili ya stopu au moja (kushusha stopu moja ni kupunguza mwanga nusu, kupandisha ni kuuongeza mara mbili), kwa ndege mweupe pandisha hivyohivyo. Lakini yangeyange yuleyule akiwa mdogo katikati ya kundi la nyati, kamera inawaangalia nyati, inang'arisha, na ndege anaungua mpaka manyoya yanapotea. Hapo unashusha. Na chui juu ya mti, nyuma yake anga jeupe, anatoka kivuli kitupu usipopandisha stopu moja hadi mbili. Anga litaungua, liache liungue.

Picha ina chenga

Chenga huja mwanga unapokuwa mdogo na ISO, kile kipimo cha kamera cha kuukuza mwanga, kupanda. Watu wanaogopa ISO, wanaishusha, picha inatoka na giza, kisha wanaing'arisha kwenye kompyuta na chenga zinatoka nyingi kuliko ambavyo zingekuwa. Afadhali ISO 3200 yenye mwanga sahihi. Weka ISO iwe otomatiki, uipe kamera spidi ya chini isiyoruhusiwa kuvuka, halafu ushughulike na mnyama. Sababu nyingine ni kukata: picha ya simba aliyekuwa mbali ukikata ukabakiza sehemu ya kumi, chenga zinakuzwa pamoja naye.

Vidoa vyeusi mahali palepale kila picha

Piga picha ya anga kwa f/16. Vidoa vikitokea, na vikabaki mahali palepale kwenye picha inayofuata, vumbi liko juu ya kihisi. Tambarare za nyasi fupi za Serengeti zimelala juu ya majivu ya volkano, na vumbi lake ni laini kama unga. Usibadilishe lenzi gari likiwa linatembea. Likisimama, funga madirisha, zima kamera, ielekeze mdomo chini, badilisha haraka. Kati ya kituo na kituo, funika kila kitu kwa kanga. Vumbi la kwenye kihisi litoe kwa pampu ya mpira ya kupulizia, kamwe si kwa mdomo, maana mate yakikauka kwenye kihisi ni kazi ya fundi. Vumbi la kioo cha mbele cha lenzi, kinyume na wanavyodhani wengi, halionekani kwenye picha isipokuwa jua likipiga mbele. Anayelifuta kwa fulana kila dakika tano anatengeneza mikwaruzo ambayo itadumu.

Ukungu wa ndani ni jambo jingine. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi, Mikumi au Saadani, ikitolewa nje asubuhi hulowa jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto taratibu. Usivue lenzi wakati imelowa.

Bado hujaridhika kwamba lenzi ni nzima?

Ipime. Weka kamera juu ya kifuko cha maharage, injini imezimwa, asubuhi, na upige namba ya gari lililosimama mita 15 kutoka ulipo. Kama kamera yako ni ya kioo cha ndani, piga mara mbili: mara ya kwanza ukiangalia kwenye kitundu, mara ya pili ukifokasi kupitia kioo cha nyuma. Ya pili ikiwa kali na ya kwanza ukungu, lenzi na kamera haziko kwenye vipimo sawa. Tafuta kwenye menyu sehemu ya kurekebisha fokasi ya lenzi. Zote mbili zikiwa ukungu, tena upande mmoja wa namba kuliko mwingine, hapo sasa una haki ya kuirudisha kwa aliyekukodisha.

Kamera inakwama katikati ya tukio

Nyumbu wanavuka Mto Mara pale Kogatende, unakandamiza kitufe, na baada ya sekunde mbili kamera inanyamaza. Hesabu ni rahisi: picha ya RAW (ghafi, isiyobanwa kama JPEG) ya megabaiti 30, mara kumi kwa sekunde, ni megabaiti 300 kila sekunde, wakati kadi yenye alama ya V30 inahakikisha 30 tu. Kamera inajaza akiba yake ya ndani na kusubiri kadi imeze. Nunua kadi ya kasi kama kamera inaikubali, au piga kwa mafungu mafupi ya picha nne tano, au hamia JPEG kwa dakika hizo. Taa ya kuandika kadi ikiwa inawaka, usifungue mlango wa kadi wala kutoa betri. Na kadi ikianza kusema haisomeki, usikubali kamera inapokushauri kuifomati: itoe, iweke mfukoni, chomeka nyingine uendelee, picha zilizomo mara nyingi hupatikana kwa programu ya kurejesha mafaili, ilimradi hakuna kilichoandikwa juu yake.